Mlango Mmoja wa Hewa: Farasi Anavyopumua Akikimbia

[MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 15, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI:   Kuna wanaosoma karatasi hii kwa sababu umeme ulikatika, au redio imebaki kwa jirani. Yote tuliyosema hewani yamo humu.

Leo tunazungumza juu ya pumzi. Tena si pumzi ya mtu, ni pumzi ya farasi.

Najua unacheka. Farasi wa wapi, hapa Dzaleka? Hapa tuna kabaza, tuna ngolo za ng'ombe, na punda mara mojamoja. Wengi wetu tuliotoka Fizi, Uvira, Bujumbura au Ruhengeri, farasi tulimwona kwenye sinema tu. Sababu moja ni mbung'o. Katika sehemu kubwa za Afrika mdudu huyu hueneza ugonjwa wa nagana, na farasi hauvumilii. Lakini swali limetufikia, limeletwa na mama wa hapa kambini, na swali la msikilizaji haliachwi njiani. Hatutamtaja jina. Msikilize.

SAUTI YA MSOMAJI: "Mwanangu aliondoka hapa na basi la IOM hadi uwanja wa ndege wa Kamuzu, akaenda Marekani, mji wa Lexington, jimbo la Kentucky. Anasafisha mabanda ya farasi na kuwatoa nje asubuhi. Kuna farasi mmoja, akiachiwa uwanjani na kuanza kukimbia sana, anatoa sauti kama msumeno unaopasua ubao. Akisimama, sauti inakwisha. Wenzake wanasema hawasikii kitu. Mwanangu anaogopa. Akisema, labda wataambiana kwamba ni yeye amemharibu farasi, na kazi itaisha. Pesa anayotuma ndiyo inalipa ada ya wadogo zake. Sauti ile ni ya nini? Na mtoto aseme, au anyamaze?"

MTANGAZAJI: Asante mama. Tutakujibu. Lakini jibu likija bila maelezo halina uzito, kwa hiyo kwanza tuingie ndani ya koo la farasi, tuone hewa inapita wapi.

[KIPANDE KIFUPI CHA MUZIKI]

PUA NDIYO NJIA PEKEE

Anza na wewe mwenyewe. Unaendesha kabaza, nyuma kuna abiria na gunia la unga, mbele kuna mlima. Unafanya nini? Unafungua mdomo. Pua haikutoshi tena, mdomo unakuja kusaidia. Mtu ana milango miwili ya hewa, na siku ya kazi ngumu anaifungua yote.

Farasi ana mlango mmoja. Anapumua kwa pua. Awe amelala, awe anakula, awe anakimbia mbio za kufa na kupona, ni pua tu.

Kwa nini? Pitisha ncha ya ulimi wako kwenye dari la kinywa, uirudishe nyuma polepole. Mbele ni pagumu, huko nyuma panakuwa laini. Hilo dari linaitwa kaakaa, na sehemu ya nyuma ni kaakaa laini. Kwako wewe kaakaa laini ni fupi, na nyuma yake njia ya pua na njia ya mdomo zinakutana. Kwa farasi ni refu. Linashuka hadi kwenye zoloto, yaani lile sanduku la sauti lililo juu ya bomba la hewa, na kulizunguka kama kola ya shati inavyozunguka shingo. Juu ya kola hiyo kuna kifuniko kidogo kama ulimi, kinaitwa epigloti. Epigloti inakaa juu ya kaakaa laini, na hapo pamefungwa. Hewa ya pua inaingia moja kwa moja kwenye bomba la hewa. Majani na maji yanapita upande wa chini, yanaelekea tumboni. Kola hiyo inaachia pale tu farasi anapomeza, kwa kitambo kidogo, kisha inarudi mahali pake.

Mpango huu una faida yake. Mnyama wa mbugani anainamisha kichwa, anatafuna, na wakati huohuo ananusa upepo kama kuna simba. Lakini una gharama yake pia. Pua ya farasi ikizibwa, au koo likibanwa, hakuna mlango wa pili wa kukimbilia. Ukikumbuka neno moja tu la kipindi cha leo, kumbuka hilo.

NDOO ZA HEWA

Sasa tupime. Farasi mkubwa aliyetulia bandani anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na kila pumzi ni kama lita 5 za hewa. Hapo hakuna shida, hata pua nyembamba ingetosha.

Mfanye apige shoti, zile mbio za mwisho kabisa. Pumzi zinapanda hadi zaidi ya 100 kwa dakika, na kila pumzi inazidi lita 10. Farasi wa mashindano anaweza kupitisha zaidi ya lita 1,500 za hewa kwa dakika moja. Wewe unayepanga foleni kwenye bomba la maji unaijua ndoo ya lita 20. Lita 1,500 ni ndoo 75. Ndoo 75 zipite kwenye matundu mawili ya pua kwa dakika moja, ziingie, na kisha zitoke.

Na hana nafasi ya kupumzika katikati. Farasi anapopiga shoti, mguu na pumzi vinafungwa pamoja: mruko mmoja, pumzi moja. Miguu ya mbele ikipokea uzito, hewa inatoka. Akinyanyuka tena, hewa inaingia. Mtu akikimbia anaweza kubadilisha, avute mbili atoe moja. Farasi akiwa katika shoti hawezi. Muda anaopata wa kuvuta hewa ni kama robo ya sekunde.

Yale mashindano maarufu ya Kentucky Derby yamekuwa yakifanyika katika mji wa Louisville, uwanja wa Churchill Downs, tangu mwaka 1875. Umbali ni kilomita 2 hivi, na farasi anaumaliza kwa kama dakika mbili. Farasi aitwaye Secretariat aliumaliza chini ya dakika mbili mwaka 1973, na muda wake haujavunjwa hadi leo. Ndani ya dakika hizo mbili farasi anapumua zaidi ya mara 200, na zote ni kwa pua.

MRIJA LAINI NA TURUBAI LA UPEPONI

Hapa ndipo misuli inapoingia. Fanya jaribio hili na watoto nyumbani. Chukua mrija wa plastiki laini, uweke kwenye uji mzito. Vuta polepole: uji unakuja. Sasa vuta kwa nguvu zako zote. Kuta za mrija zinabonyea ndani, zinagusana, hupati hata tone. Umeufunga mrija kwa kuvuta kwako mwenyewe.

Koo la farasi linakabiliwa na hatari hiyohiyo. Kadiri anavyovuta hewa kwa nguvu, ndivyo kuta za koo zinavyotaka kuingia ndani. Bomba la hewa la shingoni limelindwa kwa pete za gegedu. Gusa mbele ya shingo yako utazisikia, ngumu kama mikunjo ya bomba. Lakini matundu ya pua, koo lenyewe na kaakaa laini havina pete za namna hiyo. Ni nyama. Kinachovizuia visianguke ni misuli.

Fikiria watu watano wameshikilia turubai siku ya upepo. Sisi wa kambini hilo hatuhitaji kuelezwa. Mmoja yuko puani, anapanua matundu. Ndiyo maana farasi anayekimbia pua yake inakuwa wazi kama kikombe. Wa pili anashikilia ulimi na kimfupa kilicho chini yake, anavuta mbele ili nyuma pasizibe. Wa tatu yuko juu, anainua dari la koo. Wa nne anakaza kaakaa laini libaki chini, mahali pake. Wa tano yuko kwenye zoloto lenyewe. Pale kuna vipande viwili vya gegedu, kimoja kulia na kimoja kushoto, kama milango miwili ya duka. Kila kipande kina msuli wake wa kukivuta kando ili hewa ipite.

Watu hawa hawangoji upepo uwafikie. Ubongo unawapa amri kabla kidogo ya kiwambo cha kifua kuanza kuvuta, kwa hiyo hewa inapoingia, kuta tayari zimekaza. Farasi akiongeza mbio, nao wanaongeza nguvu.

Mmoja akiachia, je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walijaribu jambo hilo na kulichapisha mwaka 1998. Walizitia ganzi kwa muda neva zinazoendesha misuli ya kaakaa laini. Farasi walikuwa wazima kabisa, mapafu mazima, moyo mzima. Lakini kaakaa laini liliruka juu ya epigloti na kukaa njiani. Ganzi ilipokwisha, mambo yakarudi. Yaani mnyama mwenye nguvu zote anaweza kukwama kwa sababu ya msuli mmoja usiozidi upana wa vidole vyako.

Tena koo halihitaji kuziba lote. Katika hesabu za fizikia za hewa inayopita ndani ya bomba, kipenyo kikipungua kwa sehemu moja ya tano tu, upinzani unazidi mara mbili. Kidogo kinachopungua kooni ni kikubwa kifuani.

[KIPANDE KIFUPI CHA MUZIKI]

SAUTI MBILI, MAANA MBILI

Sasa turudi kwenye ule msumeno wa Lexington. Madaktari wa farasi wanazo sauti mbili kubwa wanazozisikiliza, na siri iko hapa: sauti inatoka wakati gani, farasi anapovuta hewa au anapoitoa?

Sauti ya kwanza ni ya kuvuta. Ni mluzi, au mkwaruzo, au mngurumo kama wa msumeno. Mara nyingi sababu yake ni ule mlango wa kushoto wa zoloto. Msuli unaoufungua unaendeshwa na neva ndefu kuliko unavyodhani. Neva hiyo inatoka kwenye ubongo, inashuka shingo nzima hadi kifuani, inazunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, kisha inapanda tena shingo nzima hadi kwenye zoloto. Ya kulia nayo inashuka na kupanda, lakini inageukia mapema zaidi. Kwa farasi mwenye shingo ndefu, neva ya kushoto inapita mita 2. Waya mrefu namna hiyo ndio unaoharibika kwanza. Neva ikidhoofika, msuli unakonda, na mlango wa kushoto haufunguki tena vizuri. Farasi akivuta hewa kwa nguvu, mlango ule unavutwa ndani na kutikisika, ndipo msumeno unaanza. Farasi warefu hupatwa zaidi kuliko wafupi.

Farasi mwenye ugonjwa huu akitembea hutasikia kitu. Anakula vizuri, ananenepa, anang'aa. Anahitaji hewa kidogo, na nafasi iliyobaki inamtosha. Sauti inakuja pale tu anapokimbia sana. Kwa hiyo wenzake wa yule kijana wanaposema hawasikii, huenda hawasemi uongo. Huenda wanamwona farasi huyo akitembea tu.

Sauti ya pili ni ya kutoa. Ni mkoromo wenye maji, kama chungu kinachochemka kikiwa na kifuniko. Hapo mara nyingi ni kaakaa laini limeruka juu ya epigloti, kama kwenye lile jaribio la Michigan. Hewa inapotoka inalikuta limetanda njiani, linapigapiga kama bendera. Farasi huyu huwa anakwenda vizuri, halafu ghafla karibu na mwisho wa mbio anapoteza nguvu kama mtu aliyeshikwa koo. Akimeza mara moja au mbili, kaakaa linarudi, na sauti inakwisha.

DAKTARI ANAFANYA NINI

Daktari hapimi kwa sikio peke yake. Anapitisha puani waya mwembamba wenye kamera, anaangalia milango ya zoloto inafunguka sawasawa au la. Lakini farasi aliyesimama anaweza kuficha ugonjwa, kwa hiyo wengine hukimbizwa juu ya mashine ya mkanda huku kamera imo puani. Siku hizi kamera inaweza kufungwa kwenye hatamu, farasi akakimbia uwanjani kwake na picha zikarekodiwa.

Neva iliyokwisha kufa haina dawa ya kuifufua. Kinachofanyika ni upasuaji: uzi imara unashonwa ili kuuvuta mlango wa kushoto na kuuacha wazi moja kwa moja. Hewa inapita, ila mlango usiofungwa unaweza kupitisha hata punje ya chakula kuelekea kwenye mapafu, na farasi wengine hubaki na kikohozi. Kwa tatizo la kaakaa, daktari Norm Ducharme na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walibuni upasuaji wa kulivuta zoloto mbele kidogo, ili lile kola likae vizuri.

Mnadani Lexington, mahali panapoitwa Keeneland, wanunuzi huwatuma madaktari wakaangalie koo la farasi mchanga kwa kamera. Mlango mmoja usiofunguka unaweza kushusha bei kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana hofu ya yule kijana haikutoka hewani. Sauti aliyoisikia ni pesa za mtu.

JIBU LA MAMA

Mama, mtoto aseme. Na nitakuambia kwa nini.

Kwanza, ugonjwa wa neva ile hausababishwi na kufagia banda wala kumtoa farasi nje. Ni udhaifu wa waya mrefu, na kuna koo za farasi ambamo unarithiwa. Pili, kijana akinyamaza, siku moja farasi atapandishwa mtu mgongoni na kuambiwa akimbie. Farasi aliyeishiwa hewa huchoka ghafla, na aliye juu yake anaweza kuumia. Hapo ndipo swali baya litaulizwa: nani alikuwa anamwona kila asubuhi? Tatu, aliyesikia mapema anaonekana kuwa mtu mwenye sikio, na banda la farasi linamhitaji mtu mwenye sikio.

Lakini aseme kwa utaratibu. Asiseme "farasi huyu ni mbovu." Aseme mambo matatu: sauti inaanza lini, inatoka wakati wa kuvuta au wa kutoa, na inachukua muda gani kuisha baada ya kusimama. Kuvuta na kutoa atavijuaje? Kentucky kuna asubuhi za baridi kali, na mvuke unaonekana puani. Mvuke ukitoka, farasi anatoa pumzi. Kama msumeno unalia pale mvuke haupo, ni wakati wa kuvuta. Kama bosi wake anaruhusu, arekodi kwa simu. Amwonyeshe msimamizi wake peke yake, asiisambaze kwenye WhatsApp ya watu. Kisha daktari aamue. Kazi ya kijana ni kusema alichosikia, kazi ya kutaja ugonjwa ni ya daktari.

[MUZIKI, SEKUNDE 10]

NA SISI WA HUKU?

Najua wengi wenu kesi zenu za Marekani zilisimamishwa Januari 2025. Unaweza kuniambia: farasi wa Kentucky ananihusu nini mimi niliye hapa? Anakuhusu. Punda ni ndugu yake. Naye hutegemea pua, naye ana kaakaa refu, na njia zake za pua ni nyembamba zaidi. Ng'ombe wa ngolo anaweza kufungua mdomo akapumua, lakini bomba lake la hewa linapita mahali palepale, mbele ya shingo, pale tunapopenda kufunga kamba. Na wako vijana wetu wanaolipwa kuendesha ngolo za mahindi, kuni na matofali. Mnyama akianguka, kazi ya siku hiyo imekwisha, na mwenye mnyama atadai alipwe.

Kwa hiyo shika haya.

La kwanza, kamba ya kichwani. Ukimfunga punda kamba inayozunguka pua, ikae juu, kwenye mfupa. Ikishuka hadi kwenye sehemu laini karibu na matundu, umeufunga ule mlango mmoja. Ingiza vidole viwili kati ya kamba na ngozi. Visipoingia, legeza.

La pili, mkanda wa kifua. Punda avute kwa mkanda unaopita kifuani, chini ya bomba la hewa. Mkanda ukipanda hadi kooni, kila anapovuta mzigo anajinyonga mwenyewe. Na usimvalishe punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe anasukuma kwa shingo na nundu. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Funika mkanda kwa kitambaa kipana, hata chitenje kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa, ili usimkate.

La tatu, nira ya ng'ombe. Ile kamba inayopita chini ya koo isibane. Kazi yake ni kuzuia nira isitoke, si kuvuta mzigo. Angalia wakati wa kuteremka mlima, maana ngolo ikisukuma kutoka nyuma, nira huenda mbele na kamba hukaza koo.

La nne, kichwa. Mnyama anayehangaika kupata hewa hunyoosha shingo mbele, kwa sababu shingo iliyonyooka inafungua koo, na iliyokunjwa inalibana. Ukimwona ananyoosha kichwa, usimvute arudi. Mwache, na mzigo usimame.

La tano, hesabu. Simama pembeni, angalia ubavu. Ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Punda aliyepumzika huwa kati ya 12 na 28 kwa dakika. Baada ya kazi zitapanda, hiyo ni kawaida. Lakini mpe kivuli na maji, na baada ya robo saa ziwe zimeanza kushuka waziwazi. Zisiposhuka, kazi ya siku hiyo imekwisha. Ng'ombe akifungua mdomo na kutoa ulimi nje huku anahema, joto limemzidi. Oktoba na Novemba fanya kazi alfajiri, si saa saba mchana.

La sita, uvimbe. Punda au farasi akivimba chini ya taya, akatoa usaha puani na kushindwa kumeza, mtenge na wenzake na uite mtu wa mifugo haraka. Ule uvimbe unaweza kuliziba koo kutoka nje, na misuli haina la kufanya. Ofisi ya mifugo ya wilaya iko Dowa boma. Lilongwe kuna kliniki ya LSPCA, chama cha kutetea wanyama. Na kampasi ya Bunda ya chuo cha LUANAR inafundisha madaktari wa mifugo, kwa hiyo wewe mwanafunzi wa sekondari unayependa wanyama, ujue fani hiyo inasomewa karibu tu na hapa.

Mtu mmoja aliniuliza juzi, mbona tunahangaikia pumzi ya punda wakati mgao wa chakula haumtoshi mtu? Nikamwambia, huo mgao kidogo, na kuni za kuupikia, mara nyingi vinafika mlangoni kwako vimevutwa na mnyama. Fimbo haiongezi hewa. Ukimpiga aliyebanwa koo, atatumia hewa iliyobaki kukimbia fimbo, kisha ataanguka.

MASWALI YA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Kwa nini farasi na punda hawawezi kujisaidia kwa mdomo kama sisi wanapochoka? Mwombe mmoja wa kikundi aeleze bila kusoma.

2. Fanyeni jaribio la mrija na uji. Nani kati ya wale watu watano wa turubai yuko karibu zaidi na kamba tunazofunga sisi?

3. Katika mtaa wenu nani anaendesha ngolo? Mwendeeni kwa heshima, mwombeni awaonyeshe anavyofunga nira au mkanda. Mnaona nini?

4. Je, umewahi kusikia au kuona tatizo kazini ukanyamaza kwa hofu ya kufukuzwa? Ungelisema kwa maneno gani ili lionekane msaada, si shutuma?

Majibu yenu yaleteni studio, au mpeni mwakilishi wa mtaa wenu. Wiki ijayo tutabaki na mifugo: kuhara kwa vifaranga vya kuku, na sababu yake kuongezeka mvua zinapoanza. Mimi ni mtangazaji wenu.  Ukiona ngolo imesimama mlimani na mnyama ananyoosha shingo, usimpigie mwenye ngolo kelele asogee. Mpishe, mnyama avute hewa.

[MUZIKI WA KUFUNGA UNAPANDA, KISHA UNAZIMA]